Neva haitembei na ramani

Hotuba hii, kuhusu namna neva inayokua inavyopata njia yake mwilini, niliitoa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa sekondari moja hapa Tabora, mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wa tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia), walimu wao na wazazi wachache. Waliokosa nafasi wameomba niiandike yote. Nimeiandika kama nilivyoisema, pamoja na swali la mwisho.

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazee wangu mliokaa mbele, wazazi, nanyi wanafunzi, mwangaluka!

Mmeitikia vizuri. Mwalimu wenu wa biolojia aliponiita nilimuuliza: nikawaambie nini watu ambao mtihani wao utasema tu "taja kazi tatu za neva"? Akanijibu, waambie kitu ambacho hakimo kwenye mtihani. Nimemtii. Kwa hiyo wale mlioshika kalamu, wekeni chini.

Kila mmoja achezeshe kidole gumba cha mguu wa kulia, humo humo ndani ya kiatu. Mmeweza? Sasa amri hiyo imepita wapi? Imeanzia juu ya ubongo upande wa kushoto, ikashuka, ikavuka kwenda kulia pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo, ikateremka mpaka usawa wa kiuno, ikapokelewa na seli nyingine. Na seli hiyo ya pili ina uzi mmoja, aksoni, unaotoka kiunoni mpaka kwenye misuli ya mguu. Seli moja, jamani. Kwa mtu mzima uzi wake unaweza kukaribia mita moja.

Sasa rudini nyuma mpaka mlipokuwa tumboni mwa mama zenu, wiki chache baada ya mimba kutungwa. Uzi ule haukuwepo. Palikuwa na seli kwenye uti wa mgongo uliokuwa ndiyo kwanza unajengeka, na kando yake kichipukizi cha mguu. Seli ikatoa uzi. Uzi ukaondoka, ukapita katikati ya maelfu ya seli nyingine zisizouhusu, ukafika kwenye msuli wake. Nauliza: nani aliuonyesha njia?

Najua mtakachojibu. Mtasema imeandikwa kwenye jeni. Haya, tupige hesabu. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na seli moja inaweza kuungana na maelfu ya wenzake. Jeni zetu za kutengeneza protini ni kama 20,000. Utaandikaje anwani zote hizo kwa jeni 20,000? Hesabu haifungi. Jeni zinatoa vifaa na kanuni, njia haimo humo. Ndiyo maana nimekuja kuwaambia neno moja: neva inayokua haina ramani. Inapapasa, inaonja, inajibu. Hatua ya sasa ndiyo inayoamua hatua itakayofuata, na umbo la ubongo wako ni alama za hatua hizo.

Aliyeiona ncha ya uzi huo kwa mara ya kwanza ni Mhispania, Santiago Ramón y Cajal, mwaka 1890. Alichunguza vifaranga waliokuwa bado ndani ya mayai. Alitumia rangi nyeusi iliyobuniwa na Mwitaliano Camillo Golgi mwaka 1873, na ajabu ya rangi ile ni kwamba inashika seli chache tu na kuziruka nyingine, kwa hiyo unaiona moja nzima bila msongamano. Mwishoni mwa uzi Cajal akakuta uvimbe mdogo wenye vinyweleo. Akauita koni ya ukuaji. Kumbukeni alichokuwa akikitazama: nyama iliyokufa, iliyokatwa vipande vyembamba, iliyopakwa rangi. Na kutoka kwenye mfu huyo akatangaza kwamba kitu kile, kilipokuwa hai, kilikuwa kinatembea na kutafuta njia!

Wengi hawakumkubalia. Kuna waliosema uzi wa neva huundwa na seli nyingi zilizojipanga mstari. Kuna waliosema madaraja yapo tangu mwanzo, neva inayafuata tu. Golgi mwenyewe alishikilia kwamba mfumo wote wa neva ni wavu mmoja usiokatika. Mwaka 1906 wakapewa tuzo ya Nobeli pamoja, wote wawili, na Golgi akaitumia hotuba yake ya tuzo kuupinga msimamo wa mwenzake. (Walimu, nawaomba msijifunze hilo kwa ajili ya mahafali.)

Aliyeumaliza ubishi hakutoa hotuba. Mwaka 1907, kule Marekani, Ross Harrison alichukua kiinitete cha chura kabla neva zake hazijaota. Akakata kipande kidogo cha sehemu itakayokuwa uti wa mgongo. Akakiweka kwenye tone la limfu (majimaji ya mwilini) ya chura, limfu ikaganda. Akaligeuza tone likawa linaning'inia chini ya kioo chembamba, akaziba pembeni kwa nta, akaweka chini ya hadubini. Akasubiri. Humo hamkuwa na seli zilizojipanga mstari, hamkuwa na madaraja, hamkuwa na wavu. Nyuzi zikaota. Akaziona kwa macho yake zikirefuka, na kwenye ncha ya kila uzi kitu kinachojinyoosha na kujikunja bila kutulia. Cajal alikuwa sahihi. Na njia ile ya Harrison ya kukuza seli hai nje ya mwili ndiyo iliyozaa maabara zote za leo zinazokuza seli, zikiwemo za kutengenezea chanjo. Kipande cha chura na nta! Mkiambiwa sayansi haiwezekani bila mashine za mabilioni, mwulizeni anayesema hivyo kama anamjua Harrison.

Sasa wana wa Unyanyembe, nitawapa mfano mmoja wa nyumbani, mmoja tu, halafu nitauvunja mwenyewe. Mababu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka Bagamoyo. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi. Nyuma yake wapagazi, mamia, kila mmoja akimfuata wa mbele yake. Neva nazo zina kirangozi. Nyuzi za kwanza hutoka mapema, wakati kiinitete bado ni kidogo na safari ni fupi. Zile zinazochelewa zinajishika kwenye zilizotangulia na kwenda nazo, na fungu hilo ndilo mnalolikata maabara mkiliita neva. Safari nayo ina vituo. Kwenye mguu wa panzi anayekua, seli mbili tu hutangulia kutoka ncha ya mguu kuelekea mwilini, na njiani zinagusa seli moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliziua baadhi ya seli hizo za kituo. Viongozi wa msafara wakapotea njia, wakatoa matawi ovyo.

Umeupenda mfano? Sasa nauvunja. Kirangozi aliijua Bagamoyo. Alishafika, au alisimuliwa na aliyefika. Koni ya ukuaji haijui mwisho wa safari. Haijui kama kuna mwisho. Inajua hapa ilipo, sasa hivi, kitu gani kinaigusa kulia na kitu gani kinaigusa kushoto. Basi. Tuuache msafara hapo.

Swali linalofuata ni: inaguswa na nini?

Hapa lazima niwape habari za mwanamke mmoja, na wasichana nawaomba msikilize kwa masikio yote mawili. Rita Levi-Montalcini alikuwa daktari kijana huko Turin, Italia. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1938 serikali ya Mussolini ikatunga sheria za kuwafukuza Wayahudi katika vyuo. Alifanya nini? Aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Akanoa sindano za kushonea zikawa visu vya upasuaji. Mayai akayatafuta kwa wakulima, wakati wa vita, mabomu yakianguka, akawa anapasua viinitete vya kuku. Baada ya vita alikwenda St. Louis, Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaona kwamba uvimbe fulani wa panya ukiwekwa karibu na neva za kifaranga, neva zinachanua pande zote. Kuna kitu kilikuwa kinatoka kwenye uvimbe na kuziita neva. Akishirikiana na Stanley Cohen wakakipata kitu chenyewe: ni protini. Mwaka 1986 wakapewa Nobeli. Alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 103.

Protini ile inazilisha neva na kuzifanya ziishi. Lakini kuna nyingine ambazo kazi yake hasa ni kuelekeza. Mwaka 1994 kundi la Marc Tessier-Lavigne huko California lilitangaza kuipata moja, wakaiita netrini. Mnajua walitumia nini? Ubongo wa viinitete vya kuku, vipatavyo 25,000. Ishirini na tano elfu! Walivisaga, wakachuja, wakachuja tena, mpaka ikabaki protini inayovuta neva kuelekea kwenye mstari wa kati wa uti wa mgongo. Na ilipochunguzwa ikaonekana ni ndugu wa protini ya mnyoo mdogo wa udongoni, ambayo ilikuwa imeshajulikana kwamba ikiharibika neva za mnyoo hupotea njia. Mnyoo, kuku na wewe mnatumia kifaa kilekile.

Niseme na hili, maana vitabu vingi bado havijalisahihisha. Kwa miaka zaidi ya 20 tulichora netrini ikitoka mstari wa kati na kusambaa, na neva ikiifuata kuelekea inakozidi. Mwaka 2017 maabara mbili ziliondoa netrini ya mstari wa kati peke yake kwenye panya, na neva nyingi zikafika vilevile. Netrini iliyoachwa na seli zilizo kando ya njia, ile ambayo koni inaigusa inapopita, ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi. Mchoro haukufa, ila umepungua nguvu. Mimi napenda sayansi inapofanya hivyo.

Kuna ishara zinazovuta, kuna zinazofukuza. Protini iitwayo semaforini hufukuza. Sliti hufukuza. Na sasa njooni kwenye fumbo ninalolipenda kuliko yote. Neva inavutwa mpaka mstari wa kati wa mwili. Imefika. Kinachoivuta kiko pale. Kwa nini isikae pale pale? Kwa nini ivuke na kuendelea upande wa pili? Na ikishavuka, kwa nini isirudi?

Jibu lilitoka kwa nzi wa matunda. Mwaka 1993 watafiti walikuwa wakipekua nzi wenye jeni zilizoharibika, wakakuta aina mbili za ajabu. Kwenye aina ya kwanza hakuna neva iliyovuka hata moja. Kwenye ya pili neva zinavuka, zinarudi, zinavuka tena, zinazunguka tu. Maelezo yakaja taratibu. Seli za mstari wa kati zinatoa Sliti, kifukuzaji. Kipokezi cha Sliti, yaani protini ya neva inayoipokea, kinaitwa Robo. Kabla ya kuvuka, neva ina protini nyingine inayozuia Robo isifike kwenye utando wa nje, kwa hiyo neva haisikii kwamba inafukuzwa. Ikishavuka kizuizi kinaondolewa, Robo inajaa nje, na mahali palepale ilipotoka kuvutwa panakuwa mahali pa kukimbia. Mstari wa kati haujabadilika. Ishara haijabadilika. Aliyebadilika ni msafiri.

Je, haya ni ya nzi tu? La. Wapo watu ambao wakikunja vidole vya mkono wa kulia, vya kushoto navyo vinajikunja bila kuombwa. Mwaka 2010 ilionekana kwamba katika baadhi ya familia zenye hali hiyo, jeni ya kipokezi cha netrini ina kasoro. Wapo wengine wasioweza kugeuza macho kulia na kushoto tangu kuzaliwa, na mgongo wao hupinda wanapokua. Mwaka 2004 kasoro ikapatikana kwenye jeni mojawapo ya Robo: nyuzi zilizotakiwa kuvuka hazikuvuka. Ukimwona mtoto wa namna hiyo usitafute aliyemroga.

Sasa tuingie ndani ya koni yenyewe. Ishara iko nje, haiingii. Inagusa kipokezi kwenye utando. Inakuwaje kugusa huko kunageuka mwendo?

Ndani ya vile vinyweleo mna nyuzi za protini iitwayo aktini. Aktini inajengwa kwenye ukingo wa mbele na wakati huohuo inavutwa kurudi nyuma, inabomolewa, inajengwa tena. Kwa hiyo koni ikiwa imetulia, ndani yake aktini inatiririka kurudi nyuma muda wote. Nguvu nyingi, safari hakuna. Sasa kipokezi kikishika kitu nje, na upande wa ndani kikajifunga kwenye aktini, mtiririko unazuiwa mahali hapo. Aktini haiwezi kurudi, lakini bado inajengwa. Itakwenda wapi? Inausukuma utando mbele. Kisha nyuzi nene zaidi, mikrotubuli, zinaingia upande ule ulioshika na kuuimarisha, na upande ule ndio unaokuwa aksoni. Kwa panzi wetu imeonekana kwamba kinyweleo kimoja tu kikigusa seli ya kituo kinaweza kunenepa na kuigeuza koni nzima kwake. Kimoja!

Nani anaamua pa kujenga na pa kubomoa? Mna protini ndogo za kuwasha na kuzima. Rac na Cdc42 huhimiza ujenzi. Rho huhimiza kukaza na kujikunja. Ishara inayovuta inawasha ujenzi upande wake, inayofukuza inaukunja. Na watafiti walipowapa panzi dawa ya kuzuia aktini, uzi haukusimama. Uliendelea kurefuka, ila vinyweleo vikatoweka na uzi ukawa hauna mwelekeo. Fikirini juu ya hilo: kutembea na kujua pa kwenda ni mambo mawili.

Tena kuna jaribio la mwaka 1997 ambalo kila nikilifundisha darasa hunyamaza. Waliweka neva ya chura kwenye sahani, wakaipulizia netrini kutoka pembeni. Neva ikageuka kuifuata. Kisha wakapunguza nguvu ya kemikali moja iliyomo ndani ya seli, inaitwa AMP ya mzunguko, wakapuliza netrini ileile. Neva ikaikimbia. Basi niambieni, netrini inavuta au inafukuza? Swali lenyewe halijakaa sawa. Netrini ni netrini. Maana yake anaipa anayeipokea, kwa hali aliyo nayo wakati ule. Na usidhani uamuzi unatoka makao makuu. Mwaka 2001 huko Uingereza walizikata koni kutoka kwenye miili ya seli zao, zikabaki ncha tupu, na ncha zile zikaendelea kugeuka. Zilikuwa zinatengeneza protini zao wenyewe, hukohuko mwisho wa uzi.

Umbo nalo linatoka humohumo. Seli ya gamba la ubongo ina aksoni inayoshuka na dendraiti kubwa, tawi la kupokea ishara, inayopanda. Mwaka 2000 ikaonekana kwamba semaforini moja, iliyozidi upande wa juu, inaifukuza aksoni na kuivuta dendraiti. Ishara moja, seli moja, majibu mawili, na seli inanyooka.

Sasa la mwisho kabla ya maswali, na ni zito. Ukijikata neva ya kidole, hisia huweza kurudi. Uti wa mgongo ukikatika, haurudi. Kwa nini? Kwa miaka mingi tulidhani seli za ubongo na uti wa mgongo za mtu mzima zimepoteza uwezo wa kukua. Mwaka 1981, Montreal, Kanada, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakipachika kuunganisha shina la ubongo na uti wa mgongo. Nyuzi za neva za kati, yaani za ubongo na uti wa mgongo, zikaingia kwenye kipande kile na kukua sentimita kadhaa. Zilipofika mwisho na kuingia tena kwenye uti wa mgongo, zikasimama karibu na mlango. Uwezo ulikuwepo, walau kwa baadhi. Mazingira ndiyo yaliyokataa. Baadaye Martin Schwab huko Uswisi akaonyesha kwamba utando wa mafuta unaozifunika neva za kati una protini zinazozuia ukuaji, na kovu nalo linaongeza vizuizi vyake. Tiba bado inatafutwa.

Nimemaliza. Waliotaka kuuliza waulize.

(Wanafunzi waliuliza mengi, hasa kuhusu mtihani. Swali nililoahidi kuliandika ni la mama mmoja aliyeketi nyuma.)

"Mwanangu, mimi sikusoma hayo. Kijana wangu alianguka na bodaboda, akakatika mshipa wa fahamu huku kwapani. Wakamshona. Huu mwezi wa sita, mkono bado. Daktari anamgonga-gonga kwa kidole tu, eti anapima. Anapima nini?"

Mama, pole sana, na shikamoo tena. Anapima koni zilezile. Neva ya mkono iliyoshonwa haiungani kama kamba. Sehemu ya mbele ya pale ilipokatika hufa, na nyuzi mpya hutoka pale kwenye mshono, kila moja na koni yake, zikasafiri ndani ya mfereji wa zamani. Mwendo wake ni kama milimita 1 kwa siku. Kutoka kwapani mpaka vidoleni ni kama milimita 600. Hesabu wewe: zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Miezi sita ni kama kufika karibu na kiwiko. Daktari akigonga juu ya njia ya neva, mahali nyuzi changa zilipofika kijana atasikia kama umeme au sisimizi wakitambaa. Mfaransa Jules Tinel alieleza kipimo hicho mwaka 1915 kwa askari waliojeruhiwa vitani. Mwulize kijana: pale anaposikia umeme panashuka mwezi hadi mwezi? Kama panashuka, zinasafiri. Kama pamesimama miezi mingi, mwambie daktari mapema, maana misuli ikikaa muda mrefu bila neva inanyauka. Na wakati huu viungo vyake vinyooshwe kila siku kama alivyofundishwa kliniki, visigande. Asishike sufuria ya moto kwa mkono ule, hatasikia kwamba anaungua.

Mama akauliza tarehe ya kliniki ikiwa siku ya mnada inakuwaje. Nikamwambia aende kliniki.